Kutupa Diski Mbele ya Baba Mkwe

Dominiki: Haloo? Nani mwenzangu?

Doudou: Grand Dominiki, kaka mukubwa! Ni Doudou, kinyozi wa soko ya Warwick. Shikamoo, bonjour, yote!

Dominiki: Marahaba, dogo. Mbona unanong'ona? Umeiba?

Doudou: Niko Westville, kwa bustani, nyuma ya muti. Kwa ile muchezo yako ya kutupa diski ndani ya kapu ya minyororo.

Dominiki: Wewe? Wewe ambaye juzi ulishindwa kurusha funguo zikanifikia?

Doudou: Ni baba ya Marie-Louise ameniita. Alisema mbele ya kuongea mambo ya ndoa, kwanza aone namna natupa. Anasema mwanaume anajulikana na mukono yake. Nikiharibu leo, Marie-Louise nimemupoteza. Grand, ile binti ninamupenda vraiment, kweli kweli. Nifundishe, mbio mbio!

Dominiki: ...Baba yake Marie-Louise.

Doudou: Eeh. Nimemuambia ni mama yangu wa Uvira anapiga, ndiyo akaniacha niongee.

Dominiki: Haya. Una diski gani?

Doudou: Iko moja. Rangi ya machungwa. Inaenda na viatu yangu.

Dominiki: Inaenda na nini?

Doudou: Na viatu! Ile ya ngozi, ya kung'aa. Grand, mutu hawezi kufika kwa wakwe rangi zinagombana. Sape, kuvaa kwa kupendeza, ni heshima.

Dominiki: Dogo, diski haivaliwi! Shika ukingo wake. Mnene au mwembamba?

Doudou: Mwembamba sawa kisu. Muuzaji alisema ndiyo ya mbio kushinda zote ndani ya duka.

Dominiki: Eish. Umeuziwa lori na hata baiskeli hujui. Hiyo ni ya watu wenye mkono mkali. Ukiitupa polepole inakata kona inajizika chini. Anayeanza anachukua ile nene, nyepesi, ya mwendo wa taratibu. Hakuna ya kuazima hapo?

Doudou: Papa mukwe iko nazo nyingi, ndani ya mufuko sawa ya daktari. Kila akikosa anabadilisha. Ya kijani ilikuwa na kasoro, ya bluu ni upepo, nyeupe ni—ndiyo, mama! Nimekula, mama! Nimevaa sweta!

Dominiki: Mama nani?

Doudou: (ananong'ona) Amepita karibu. Anasema anakusalimia sana.

Dominiki: ...Mwambie nimezipata. Azima ile nene.

Doudou: Ile inafanana sahani ya bukari, ya ugali ya mutoto! Tena ya kijivu. Na viatu hii? Mama mukwe iko anaangalia!

Dominiki: Basi kufa na hiyo hiyo. Sikiliza. Vidole vinne chini ya ukingo, dole gumba juu. Simama ubavu, bega la kulia kwa kapu. Unapiga hatua, unapeleka diski nyuma kabisa, unageuka mpaka mgongo unatazama kapu—

Doudou: Nini inatazama?

Dominiki: Mgongo. Halafu kiuno kinaanza, bega linafuata, mkono unakuja mwisho, diski inapita karibu na kifua ikiwa imelala sa—

Doudou: Attends, ngoja! Mama mukwe ameweka kiti yake nyuma ya kapu, pale pale! Nimugeuzie mama mukwe matako? Kwetu hata ukileta mbuzi ya kuomba pardon, utarudi nayo!

Dominiki: (mtandao unakwaruza) ...bado wanamkalisha kule kule...

Doudou: Unasema?

Dominiki: Nasema mtandao mbovu. Basi tupa ya mbele. Uso kwa kapu. Vidole viwili ndani ya ukingo, dole gumba juu, kiwiko kibaki ubavuni. Usirushe mkono mzima. Kiganja tu, kama unakung'uta maji. Na pua ya diski iiname kidogo. Ikiinuka, itapanda juu ife huko.

Doudou: Vidole mbili. Kiwiko. Kung'uta. Ngoja nijaribu huku kwa kichaka, hawanioni. (upepo, diski inavuma) Mama yangu! Grand! Imeenda sawa kamba! Imepita kichaka yote!

Dominiki: Mkono wa kinyozi huo, kiganja kimezoea. Kaiokote haraka.

Doudou: (anahema) Nimeipata. Eh, leo ni leo! Papa ametupa yake, imekwama juu ya muti. Mimi naweka karibu na kapu, nachukua na binti yake!

Dominiki: Subiri. Yake iko wapi?

Doudou: Juu ya muti. Anaitikisa na mwavuli.

Dominiki: Basi usimshinde.

Doudou: Grand, amesema nionyeshe mukono!

Dominiki: Anasema hivyo. Na akikupigia makofi, ujue umekwisha. Mimi alinipigia.

Doudou: Wewe?

Dominiki: Kwa Tina.

Doudou: Tina, yaya, dada mukubwa ya Marie-Louise? Wewe ndiye ule Mutanzania?

Dominiki: Wananiita hivyo? Ndiyo mimi. Aliniita hivyo hivyo, nionyeshe mkono. Kwetu mchezo ni mchezo, dogo, nikacheza. Nikamshinda kila kapu. Nikidhani namfurahisha, nikamwelekeza hata namna ya kushika. Akapiga makofi, akanisindikiza mpaka getini, akasema vizuri sana kijana. Sikuitwa tena.

Doudou: Na haukuniambia siku yote!

Dominiki: Iliniuma. Ningesemaje kwa watu? Nimenyimwa mke kwa sababu ya kulenga vizuri?

Doudou: Pole, grand. Pole sana. Sasa mimi nitupe mubaya? Mama mukwe atasema binti yake anaolewa na mulegevu!

Dominiki: Tupa vibaya kwa kujitahidi. Jasho litoke. Yale yote niliyokufundisha, geuza. Pua juu, mkono mzima, chelewa kuachia. Iwe nyuma ya yake, lakini isiwe aibu.

Doudou: Yake iko juu ya muti!

Dominiki: Basi tafuta mti.

Doudou: Oui, Papa! Nakuja! Mama, usikate, nakuweka ndani ya mufuko ya shati.

Dominiki: Dogo? (vishindo, upepo) Usisahau pua juu. (matawi yanavunjika, watu wanapiga kelele) Dogo! Umempiga nani?

Doudou: Mama! Mama! Imepanda, imepanda, ikaingia muti moja na ya Papa! Tawi moja chini yake! Anacheka mpaka anashika tumbo. Anasema naua diski na nguvu ya bule, atanifundisha yeye. Amenikumbatia, mama. Ameniita mwanangu!

Dominiki: Hongera, dogo. Umeoa.

Doudou: Marie-Louise iko analia. Mimi pia niko nalia, viatu imejaa matope, sijali. Anasema kila Jumamosi nikuje hapa mpaka nijue.

Dominiki: Usijue. Maisha yako yote, usijue.

Doudou: Na sasa anataka simu. Anasema anaongea na mama wa Uvira, familia mbili zianze kujuana leo leo.

Dominiki: Usimpe! Atanijua sauti!

Doudou: Papa, kidogo tu, mama hasikii muzuri... Anakuja, grand. Anakuja na mufuko yake!

Dominiki: Sema salio linaisha. Na lako kweli litaisha. Dogo, Tina... aliolewa?

Doudou: Hapana, mama. Iko hapa, anapakulia watu muchele. Bado, mama. Alikatala wawili.

Dominiki: Wawili!

Doudou: Mama? Papa amenyoosha mukono!

Dominiki: Mwambie mzee... yule Mtanzania bega limemharibikia. Amesahau kabisa kutupa. Anatafuta mwalimu wa Jumamosi.

Doudou: Nitamuambia, mama. Nitamuambia muzuri. Bye, mama, by—