Bi Kurasa, Aliyewaombea Watu wa Vitabuni

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi nyote mliofunga maduka na gereji zenu ili mfike hapa, familia imenikabidhi mimi kazi ya kuwasomea safari ya dada yangu, ingawa mwenyewe angecheka sana kusikia hivyo, maana katika maisha yake hakuwahi kuniona nimeshika karatasi isiyo na mafuta ya gari. Mimi ndiye niliyemfuata ziwa, fundi magari, na naomba mnivumilie pale nitakapokwama, iwe ni kwa machozi au kwa herufi ndogo.

Marehemu, ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Bi Kurasa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya kituo cha reli, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mkewe, na kwa maelezo ya mama yetu alizaliwa kimya kabisa, mkunga akampiga kibao, akalia, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Sisi wadogo zake tumekua ndani ya sauti yake, kwa sababu mama alikuwa akishinda kwenye nyumba za watu akiwafulia nguo, na dada ndiye aliyetuogesha, akatulisha, na akatusomea chochote kilichokuwa na maandishi, kuanzia Biblia ya baba hadi karatasi ya kufungia sabuni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 katika shule ya misheni iliyo kilimani, akamaliza darasa la saba mwaka 1967, na mwalimu wake alifika nyumbani kumbembeleza baba amwache aendelee, lakini baba alikuwa ameumia mkono kwa msumeno na watoto tulikuwa wengi, ikabidi dada aache shule ili sisi tusome. Hakutusimanga hata siku moja, ila nilipoleta alama mbaya alinitazama tu, na heri angenichapa. Mwaka 1969 alijiunga na darasa la ushonaji la akina mama wa kanisa, akahitimu mwishoni mwa mwaka uliofuata, na tarehe 3 Januari 1972 akafungua chumba chake cha cherehani mkabala na lango la shule, ambako alishona sare za watoto wa mji huu, wakakua, wakaleta watoto wao, na baadaye wajukuu wao. Wengi mlioketi hapa mmewahi kusimama mbele ya kioo chake huku pini zikiwachoma, mkiambiwa acheni kucheza.

Tarehe 13 Desemba 1975, ndani ya kanisa hili, alifunga ndoa na mkata tiketi wa kituo cha reli, mtu mpole, mwenye maneno ya kuhesabika, ambaye alimchumbia kwa kumpelekea koti lake la kazi litiwe kifungo kila mwisho wa wiki, mpaka mama yetu akauliza hivi hao watu wa reli wananunua wapi vifungo vibovu namna hii. Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1977, ambaye ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye ni fundi umeme, na wote wamefika pamoja na wenzi wao na wajukuu.

Sasa nieleze jina la Bi Kurasa lilitoka wapi. Mke wa mchungaji wa zamani alipohama alimwachia dada sanduku kubwa lililojaa vitabu, nalo likakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na vitabu vyote vilikuwa hadithi za mji mmoja mdogo, wenye kanisa moja na duka moja, kinyozi asiyependa kusali, mkunga mwenye mdomo, mjane wa mpeleka barua, watu wanaougua, wanaofiwa, wanaokasirikiana na Mungu na kupatana naye tena, na kila wakizidiwa jirani anabisha hodi. Dada aliwazungumzia watu hao kama watu wa mtaa wa pili. Ungepeleka suruali ipunguzwe, ukarudi nyumbani na habari nzito za kinyozi, ukamtafuta kinyozi huyo mji mzima usimwone, kumbe yumo kwenye kurasa, ndipo watu wakamwita dada Bi Kurasa.

Jambo linalofuata familia ilijadili kama nilisome au niliache, tukaona kwamba mwenyewe asingekubali liachwe. Mwezi Agosti 1989, katika kikundi cha maombi cha akina mama, ulipofika wakati wa kutaja mahitaji, dada alisimama huku machozi yakimtoka, akaomba wenzake wamkumbuke mjane wa mpeleka barua, ambaye paa lake linavuja, mtoto wake ana homa ya mapafu, na mwenyewe amekata tamaa hata hawezi kusali. Akina mama walipiga magoti, wakaomba mpaka wengine wakalia, na mwenyekiti wao, ambaye ni mtu wa vitendo na tunaye hapa leo, kesho yake akaanza kukusanya misaada, huyu akatoa mablanketi, yule mabati yaliyobaki kwenye ujenzi, kila mtu akiuliza nyumba ya mjane iko upande gani.

Wakati huo alikuwepo mama mmoja, mwoka mikate, mgeni katika mji, ambaye alikuwa hajazoeana na mtu, naye aliposikia habari hizo aliacha tanuri lake, akafunga mikate ya moto kwenye kitambaa, akaipeleka chumba cha cherehani na kuomba ifikishwe kwa mjane. Dada akainama, akatoa kitabu chini ya meza, akamwonyesha mjane alipo. Yule mama aliwaka moto, akasema alipohamia huku aliambiwa watu wa hapa ni wema, hakuambiwa kwamba ni vichaa, akasonya, akabeba mikate yake, akafika mlangoni, akageuka, akauliza, "Na huyo mtoto, alipona?" Dada akajibu kwamba hajui, bado hajafika hapo. Yule mama akarudi, akaketi kwenye benchi la wateja, akasema, "Basi soma, tujue moja."

Mtoto alipona, na mikate ya mjane ikaliwa yote. Mablanketi na mabati yalipelekwa kwa mlinzi wa shule, ambaye paa lake lilikuwa likivuja kwelikweli miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyewahi kumuuliza, na mwenyekiti anasema hadi leo kwamba Mungu alipokea maombi yale, akasahihisha anuani tu. Na huyo mwoka mikate, ambaye wote tunamwita Mama Mikate, ndiye yule aliyeketi pale mbele, karibu na jeneza, na tangu siku hiyo akawa ndugu yetu.

Walisoma kila Jumanne alasiri, tanuri likishapoa, kwa kupokezana, na walikuwa na sheria moja kali, kwamba ni marufuku kusoma bila mwenzako, hata ukurasa mmoja, hata ukishikwa na hamu namna gani, na anayevunja sheria hiyo ni mwizi kama wezi wengine. Mimi niliwacheka, nikisema wanawake wazima wanalia kwa ajili ya watu wasiokuwepo, na shemeji, mumewe dada, alinishika bega akaniambia niwaache, wanajifunza kulia kwa ajili ya waliopo.

Mwaka 1994 Mama Mikate alimpoteza mwanawe wa pekee, kwa ajali ya barabarani. Alizima tanuri, akaacha kuja kanisani, akasema hataki kusikia habari za Mungu wala za vitabu ambavyo jirani anabisha hodi na mambo yananyooka. Dada hakubishana naye. Kila Jumanne alifunga duka, akachukua nguo ya kupinda kwa mkono, akaenda kuketi katika lile jiko lililopoa, bila kitabu, bila sala, siku nyingine bila hata kujibiwa salamu, na nilipomuuliza kwa nini asimwambie lolote la kumtia moyo alinijibu, "Nimwambie nini, wewe? Mtoto amekufa." Ilikwenda hivyo miezi na miezi, mpaka Jumanne moja Mama Mikate, akiwa amempa mgongo, akauliza walikuwa wamefika wapi, na dada akatoka mbio kufuata kitabu, amevaa kiatu kimoja, kingine kimebaki jikoni kwa watu, na mji mzima ukamwona.

Zamu ya dada ilifika tarehe 21 Mei 1998, shemeji alipopatwa na kiharusi akiwa dirishani pake kituoni, akafariki siku hiyo hiyo. Mama Mikate alihamia kwake, akapika, akafua, akalala naye chumba kimoja hadi dada aliporudi kazini, na dada alikuwa akisema kwamba mwaka ule hakuweza kusali mwenyewe, alisikiliza tu mwenzake akisali, akatia amina.

Mwezi Juni 2023 alianza kuumwa tumbo, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa, ambako iligundulika kuwa ni saratani ya utumbo, akafanyiwa upasuaji na kupewa dawa kwa muda mrefu, lakini mwezi Novemba 2024 madaktari walituita, wakatueleza kwa upole kwamba sasa tumpe raha nyumbani. Wakati huo yeye na Mama Mikate walikuwa kwenye kitabu cha mwisho cha lile sanduku, na kwa bahati mbaya ndicho ambacho yule mkunga mwenye mdomo anaugua, na rafiki yake mwenye duka anamuuguza. Mama Mikate ndiye aliyekuwa akisoma, maana dada alikuwa hawezi tena kushika kitabu, na hali ya mkunga ilivyozidi kuwa mbaya, ndivyo msomaji alivyozidi kupunguza mwendo, leo miwani imepotea, kesho koo linawasha, keshokutwa unga umeletwa, na mwezi Januari akakifunga kabisa, akakiweka juu ya kabati, akasema watakimalizia dada akipona. Dada alimtazama, akatabasamu, akasema sawa.

Tarehe 28 Januari aliniita chumbani, akaniambia nifunge mlango, nikiteremshe kile kitabu na kumsomea hadi mwisho. Nilimkumbusha sheria yao, akasema anaijua kuliko mimi. Nilisoma kila alasiri kwa siku kadhaa, mimi mtu wa spana, nikiruka mistari, nikitamka maneno ovyo, naye amefumba macho na bado ananisahihisha, na nilipofika mwisho nilikuwa nalia kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Hapo ndipo aliponiambia kinachomsumbua. Kufa alikuwa amekubali, alishaongea na Mungu wake, lakini aliogopa kwamba akiondoka rafiki yake atajifungia tena kama mwaka ule, na safari hii hatakuwepo wa kwenda kuketi naye, akanipa ujumbe, akaniagiza niutoe mbele ya watu, kwa sababu nyumbani nitakataliwa.

Bi Kurasa aliaga dunia siku ya Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa nane mchana, kitandani kwake, binti yake akiwa amemshika mkono, mwanawe na mimi tukiwa kando, na Mama Mikate akimpaka mafuta miguuni. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, wadogo zake, na watu wengi wenye sare zilizoshonwa vizuri.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya na ya rufaa, hasa wauguzi wa wodi ya saratani, ambao walikuwa wakija kumchoma sindano na kuuliza mkunga anaendeleaje, tunawashukuru majirani waliotuletea maji, viti na chakula bila kuombwa, kikundi cha maombi cha akina mama, walimu na wanafunzi wa shule, mafundi cherehani wenzake waliomalizia kazi za wateja wake alipolala, watu wa reli ambao hawakumsahau mjane wa mwenzao, na vijana wa gereji yangu waliochimba kaburi.

Karatasi yangu imeishia hapo, na hili la mwisho silisomi, nalisema. Mama Mikate, dada yangu, mwenzako amenituma. Anasema alisoma bila wewe, alishindwa kuvumilia, umsamehe. Anasema amefika mpaka mwisho na ameuona, na wewe usiogope kusoma. Hayo tu. Jana nimesikia ukimwambia binti yetu kwamba vitabu virudishwe kanisani na tanuri utalizima, nami nakuomba, usifanye hivyo. Huo mwisho naujua, nao sikwambii hata unipige. Jumanne nitakuja kwako na kitabu, tuanzie pale ulipokifunga. Nasoma vibaya, utanisahihisha, nami nitajifunza. Unakubali? Nijibu hapa hapa, hata kwa kichwa, watu wote hawa ni mashahidi.

Asante. Asante, dada.

Bi Kurasa, amekubali. Sasa pumzika kwa amani.