Mzee Wastani, Usitie Saini

Aibu iwashukie nyote mliochanga fedha za saa ya ukutani. Mtu haoni mishale ya saa, ninyi mnamnunulia saa! Na wewe Mzee Wastani, unayesomewa jarida hili na mkeo kwa sababu huwezi kulisoma mwenyewe, haya ulizonazo ni nyingi kuliko zao wote, ila umeziweka mahali sipo. Tulieni niwaeleze.

Katibu muhtasi anayepanga jarida letu alinifuata jikoni, akasema, "Bibi, wewe ndiye uliyemwona siku anaanza kazi. Tuandikie wasifu wake, uuchekeshe kidogo." Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Mwandiko wangu mnaujua, ndio ule ulio juu ya sinki unaowakataza kumwaga majani ya chai, na bado mnamwaga. Sikuomba mtu anisaidie, na katibu muhtasi ameapa hatapunguza neno. Akipunguza, chai yake atajipikia.

Basi. Mzee Wastani ametumikia ofisi hii ya bima ya ulemavu kwa miaka thelathini na minne, na Ijumaa hii anastaafu kwa hiari. Hayo maneno ya "kwa hiari" yashikeni, nitayarudia.

Alikuja kijana mwembamba, tai imemkaba shingo mpaka macho yamemtoka. Alianzia masjala, akibeba mafaili kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Akapandishwa akawa mkokotoaji, mwishowe mkuu wa wakokotoaji wote. Kwa mgeni asiyejua, mkokotoaji ndiye anayepiga hesabu ya mfanyakazi aliyeumia au kuugua hata kazi ikamshinda, ajulikane atalipwa kiasi gani kila mwezi. Hesabu hiyo huanzia kwenye wastani wa mishahara yake, na ndipo jina lilipomwangukia. Neno hilo alilipenda kuliko chakula. Nikimpelekea chai, "Bibi, sukari ya leo iko juu ya wastani." Mvua ikinyesha, iko chini ya wastani. Binti yake mkubwa alipoleta mchumba nyumbani, alimwangalia yule kijana juu mpaka chini akasema, "Urefu ni wa wastani. Tabia tutaipigia hesabu baadaye."

Mnyenyekevu hakuwa. Alijipenda, alipiga pasi hata leso, na akipata hesabu safi alipita meza kwa meza akiionyesha kama mama aliyejifungua. Lakini kazi aliijua, na watu aliwajua.

Nawakumbusha fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja mkono mmoja umebaki mashineni, akasimama karibu na mlango, akakataa kuketi. Alikuwa anawaambia wote waliompita, "Mimi sikuja kuomba. Nimeambiwa tu nipite." Mzee Wastani akaacha meza yake, akatoka nyuma ya dirisha la huduma, akaenda kusimama pembeni yake.

"Ndugu yangu, unasimama kama askari. Unamlinda nani?"

"Sitaki kusumbua watu."

"Hapa hapana wa kusumbuliwa. Kila mwezi ulikatwa mshahara au hukukatwa?"

"Nilikatwa."

"Sasa umekuja kudai kilichokatwa. Anayedai huketi. Bibi! Tuletee vikombe na birika tupu."

Nikaleta, nikinung'unika maana nilikuwa nimeshaviosha. Akavipanga juu ya benchi, akavitia maji. Kimoja akakijaza mpaka juu, kingine nusu, kingine tone tu. "Huu ni mwezi uliopata kazi nyingi. Huu ni mwezi wa kazi za kubahatisha. Huu hapa mliambiwa kiwanda hakina umeme." Akamimina vyote kwenye birika, kisha akavigawia tena vile vile vikombe, sawa kwa sawa. "Kikombe kimoja katika hivi, ndio mshahara wako tunaouona sisi. Si ule mwezi uliokula vizuri, si ule uliolala njaa. Hapo ndipo tunaanzia. Kisha madaktari watasema mkono ule umeondoka na sehemu gani ya kazi yako, na mimi nitakupa sehemu yako ya kikombe kwa kadiri hiyo. Tena ukiwa na mtoto shuleni, kuna nyongeza."

Yule fundi akauliza, "Na mimi bado kijana. Michango yangu ni ya miaka michache tu."

"Miaka ambayo ungefanya kazi mpaka uzeeni, tunakuhesabia kana kwamba umeifanya. Hukuacha kazi wewe. Umeachishwa na mashine."

"Yaani mashine imeuma mkono, haikuuma miaka?"

"Hata mmoja haikuuma."

Fundi akaketi. Tangu siku hiyo nilijua nisikaushe vikombe mapema, maana kila wiki viliitwa benchini. Walikuja wapishi walioungua, madereva wa migongo iliyovunjika, mama mmoja wa kiwanda cha nguo aliyeshindwa kupumua kwa vumbi la pamba. Wengi walikuja wameinamisha vichwa. Kuinuka waliinuka wamevinyanyua, wakaondoka na vikaratasi vyao mfukoni. Hayo ndiyo mafanikio ya Mzee Wastani, na kama mlitaka niandike vyeti na semina, mngemwomba mwingine.

Sasa nakuja kwenye aibu.

Kuna bwana mmoja alikuja na bandeji mguu wa kulia. Wiki iliyofuata bandeji iko mguu wa kushoto. Mzee Wastani akamwangalia, akamwuliza kwa upole, "Ndugu yangu, huu ugonjwa wako unapohama, unahama na mizigo yake?" Ukumbi mzima ulicheka, na yule bwana mwenyewe alicheka akaondoka zake. Ulikuwa mzaha mzuri, kwa mtu mmoja aliyeustahili. Ninyi mkauchukua mkaufanya desturi ya nyumba. Kila anayeingia kwa mlango wa mbele mkamwita mhamaji. "Leo wahamaji ni wengi." "Mhamaji wangu amekuja na mkongojo mpya." Mnayasema mkinywa chai yangu, na kuta za jikoni ni mbao nyembamba, benchi la wanaongoja liko upande wa pili. Mnadhani wale watu ni viziwi pia?

Kisha akaja yule mzee wa kiwanda cha viatu, macho yamemwishia, ameshika bega la bintiye. Alipofika dirisha la tatu, mmoja wenu, na anajijua, alimgeukia mwenzake akasema, "Huyu njia haioni, lakini noti ataiona." Mkacheka. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Mzee Wastani alikuwa amesimama nyuma yenu na faili mkononi, na ninyi hamkumwona. Nilimtazama usoni nikingoja awakemee, maana kwa mambo kama hayo alikuwa mkali kama pilipili. Alirudi kwenye meza yake akiipapasa.

Ndipo nilipoanza kumwangalia vizuri. Nikaona anashika ukuta wa korido kwa vidole, mlango baada ya mlango. Nikaona sukari anaimwaga pembeni ya kikombe kisha anakoroga kwa bidii. Asubuhi moja alisimama mbele ya koti la mkuu wa ofisi lililotundikwa, akaliambia, "Shikamoo mkuu, umeamkaje?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilipoona hacheki nami, kicheko kikaniishia.

Nikamwita jikoni nikafunga mlango.

"Mwanangu, macho?"

"Miwani tu, Bibi. Nitabadilisha."

"Miwani gani? Umesalimia koti!"

Akatoa leso yake iliyopigwa pasi, akajifuta shingo. "Daktari anasema nuru ya macho haitarudi. Kidogo kilichobaki nacho kinakwenda."

"Basi si uko ofisi yenyewe? Leta karatasi za daktari, wenzako wakupigie hesabu."

"Nimeshaandika barua. Nastaafu kwa hiari. Nimechoka."

"Muongo."

"Bibi, nikae benchi lile? Mimi? Wanione napapasa nikitafuta dirisha?"

"Wakuone."

"Watasema noti naiona."

Nilimwekea chai, nikamwekea na kijiko mkononi, akanywa akaondoka.

Sasa ninyi mnaojua hesabu kuliko mimi, hii mnaijua. Mtu akistaafu kwa hiari kabla ya umri, anakatwa. Kila mwaka aliouacha mbele unamega kipande. Tena anapewa pensheni ya uzee, nyongeza ya mtoto haipo. Mtu akiacha kazi kwa ulemavu, hakatwi: ile miaka ya mbele anahesabiwa kama aliyeifanya, na nyongeza anapata. Na sheria ya nyumba hii inasema madai ya ulemavu yapokelewe mtu akiwa bado kazini. Akishatia saini ile karatasi ya hiari, mlango umefungwa, hata aje na madaktari wa dunia nzima. Amewaeleza watu jambo hili maisha yake yote ya kazi. Amewakimbilia mpaka kituo cha basi waliotaka kutia saini vibaya. Sasa anakwenda kuitia mwenyewe, Ijumaa, mbele ya keki, ninyi mkipiga makofi.

Mkewe alinijia nyumbani. Nilimtengea kiti, hakukaa, kama yule fundi. Alisema, "Mama, binti yetu wa mwisho bado yuko chuoni. Baba yake ananiambia tutabana matumizi. Nikimtajia madai, anageukia ukuta. Mimi sijui kumpigia mume kelele. Wewe unajua."

Nikamwambia kelele ninazo, lakini nyingine zitakuwa za maandishi, maana za mdomo amezikwepa. Nikamwuliza kama niyaandike mambo ya macho yake watu wote wayasome. Alifikiri, akasema, "Andika. Kwani nani hajui? Wote wanajua, wanajifanya hawaoni."

Na ni kweli. Mnajua nyote. Mkuu wa ofisi anajua, ndiyo maana siku hizi akikutana naye koridoni hukohoa kwanza. Wakokotoaji wanajua, wanampelekea mafaili mepesi na kumsomea tarakimu kwa sauti ya chini. Mmemstahi, mnadhani. Mmemficha tu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mzee, keti, tukupigie hesabu yako." Naona haya kwa nyumba hii. Nimefagia sakafu yake miaka yote hii nikijiona nafanya kazi mahali pa heshima, nikiwaambia wajukuu zangu kwamba kwetu sisi mtu akiumia haachwi. Na kumbe mtu wetu mwenyewe, aliyetufundisha kwamba anayedai huketi, ameona ni heri akatwe pensheni kuliko kuketi mbele yetu.

Wewe Mzee Wastani, mwanangu, mzaha wa kuhama ulikuwa wako, najua unajilaumu, najua unaona ni malipo. Si malipo. Yule wa bandeji alikuwa tapeli na ulimjua. Wewe macho yako si ya bandeji. Ulikatwa mshahara kila mwezi kama wengine, mbona kwa wengine ni haki na kwako iwe sadaka? Au wale wote uliowaketisha benchini, moyoni uliwaona ombaomba? Kama hukuwaona hivyo, mbona wewe unajiona? Hayo nayo ni majivuno, mwanangu. Ni yale yale ya leso.

Nakushukuru kwa miaka thelathini na minne. Nakushukuru kwa kuwa ulirudisha vikombe jikoni mwenyewe, peke yako katika ofisi nzima. Tunakuombea miaka mingi ya nyumbani, chai ya wastani, mke asiyechoka kukusomea magazeti, na wajukuu warefu kuliko baba yao. Maisha yako huko yawe mema, na yawe ya kutosha, maana mema yasiyotosha hayana raha.

Lakini kwanza tumalize kazi.

Jarida hili linatoka Jumatano. Mkuu wa ofisi, ile karatasi ya hiari iondoe mezani, usiiweke karibu na keki wala karibu na kalamu. Wewe wa dirisha la tatu, kesho asionekane mtu ameketi hapo akicheka. Ukimwona anakuja, utoke nyuma ya dirisha umpokee kwa mikono miwili, umwombe radhi kwa sauti anayoisikia kila aliye ukumbini. Neno mhamaji likitamkwa tena jikoni kwangu, aliyelitamka atakunywa maji ya bomba mpaka naye astaafu.

Na wewe Mzee Wastani, Alhamisi asubuhi usipite mlango wa wafanyakazi. Vaa tai, mshike mkeo bega, uje na karatasi za daktari kwa mlango wa mbele. Chukua namba, keti benchini kama watu. Kibao cha namba hutakiona. Nitaketi pembeni yako. Namba yako ikiitwa nitakugusa goti, nawe uinuke, udai.