Mzigo wa Mwisho wa Mzee Saini

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, shangazi na wanafamilia mlioketi mbele, ndugu wafanyakazi wenzangu, na wewe Mzee Saini, uliyekikataa kiti cha heshima ukisema magoti yatakakamaa: habari za mchana.

Mimi ni mkuu wa masijala, na kwa miaka kumi na saba huyu amekuwa tarishi wangu. Nani hapa hajawahi kusimamishwa kwenye korido, chai mkononi, akaambiwa, "Saini kwanza, bila saini hujapokea"? Hata wewe, Mheshimiwa, ulishafuatwa hadi kwenye gari.

Mwaka jana aliniomba ruhusa ya kutoka saa kumi kamili. Nikamuuliza kulikoni, akasema anaanza mazoezi ya marathoni. Nikacheka, Mungu anisamehe. Mtu wa miaka hamsini na tisa! Na mbio zenyewe ziko wapi? Akataja nchi ya mbali ambako hata jua, nasikia, hutoka kwa kubembelezwa.

Ndipo akanitolea picha: mwanamke mwenye koti la mvua, kando ya barabara, nyuma ya meza iliyojaa vikombe vya maji. Ni binti yake wa pekee. Waliachana kwa maneno makali miaka tisa iliyopita. Siku anaondoka, baba alijifungia chumbani. Tangu hapo hawajasemezana. Lakini shangazi yake hutumiwa picha, na ndiye aliyemwambia kaka yake kwamba kila mwaka binti hujitolea kuwagawia wakimbiaji wa mbio hizo maji, kilomita ya thelathini na mbili.

"Si umpigie simu tu, mzee wangu?" nikasema.

"Simu inakatwa, bosi. Jambo zito hupelekwa kwa mkono. Siku ile alitaka nimsindikize mpaka getini tu, nikamnyima. Sasa nitamfuata kwa miguu."

Ndugu zangu, nani angecheka tena?

Basi tukamhurumia, na hapo ndipo tulipoharibu. Kila mtu akaanza kujibebea mafaili ili mzee apumzike. Wiki haijaisha, akaja kwangu amenuna: "Bosi, nimekosa nini? Mbona mnaninyang'anya ngazi zangu?" Kumbe ghorofa zile sita ndizo uwanja wake! Mheshimiwa Mkurugenzi, lifti tumekulalamikia miaka minne. Leo, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, tunakushukuru kwa kutoitengeneza.

Tangu siku hiyo faili hili la kijani nililoshika likaanza safari. Masijala kwa wanasheria, wanasheria kwa wahandisi, juu, chini, mara nane kwa siku. Mzee wangu, naungama mbele ya watu: halikuwa na karatasi hata moja. Unacheka? Kumbe ulijua, na bado ukatusainisha!

Jumamosi iliyopita, mazoezini, alikimbia kilomita thelathini na tano. Nilimfuata kwa baiskeli nimebeba maji, na njia nzima nililia. Miguu ipo. Tunachoogopa, mimi na yeye, ni ile meza. Binti hajui kwamba baba anakuja. Atampa kikombe, au atageuza uso? Sijui, na mtu ninayempenda hivi siwezi kumdanganya.

Ninachoweza ni kumpa kazi. Mzee Saini, kesho utakuwa umestaafu, lakini leo bado nakuagiza. Ndani ya faili sasa kuna karatasi moja, nimeichana kutoka kitabu chako cha kupelekea barua, nikaijaza mwenyewe. Kutoka: masijala. Kwenda: kilomita ya thelathini na mbili. Kilichopelekwa: baba mmoja, amechelewa miaka tisa.

Nafasi ya saini nimeiacha wazi. Akisaini, usiwe na haraka ya kurudi. Asiposaini, rudi kwetu na karatasi yako, tutaisaini sisi wote.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza.