Mwalimu Specioza na Kiputo Kilichofika Mwamanyili

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Specioza Ndaki anastaafu baada ya kufundisha Fizikia kwa miaka thelathini na mitatu, yote katika shule yetu hapa Bariadi. Alipoanza kazi, Bariadi ilikuwa bado ya mkoa wa Shinyanga, na maabara ilikuwa na meza moja.

Amefundisha madaktari, wahandisi na watatu kati ya walimu wenzake wa sasa. Ni mkali kwa anayesahau vizio, na huimba nyimbo za kwaya akisahihisha madaftari.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kutaja kiputo. Miaka mitatu iliyopita, siku ya kufunga kwa likizo ya Pasaka, aliwaeleza Kidato cha Sita kwamba ombwe la ulimwengu, yaani utupu uliopo kila mahali, huenda halijatulia kabisa. Kwa hesabu za baadhi ya wanafizikia, shimo jeusi dogo sana linaweza kulichokoza. Hapo kingezaliwa kiputo, kikatanuka karibu kwa kasi ya mwanga na kufuta kila kitu. Kengele ikalia. Wanafunzi wakaondoka na nusu ya somo.

Mmoja wao, Dada Jenifer, aliifikisha nusu hiyo kijijini kwao Mwamanyili. Shule ikafunguliwa, hakurudi, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki nne. Baba yake, Mzee Machibya, alikuwa ameamua: "Kama mbingu itapasuka, impasukie mwanangu akiwa nyumbani, siyo bwenini."

Jumamosi Mwalimu alipanda basi kumfuata. Kwanza alikiri kosa: hakuwa amesema kwamba jambo hilo halijawahi kuonekana, na ulimwengu umedumu mabilioni ya miaka. Kisha akaeleza kwa ng'ombe. Kundi laweza kulala kwenye kibonde cha mlimani likidhani limefika chini kabisa, na likabaki hapo mpaka litokee la kulishtua, ndipo liporomoke hadi bondeni.

"Fisi," alisema Mzee.

"Fisi ambaye hajaonekana bado, Mzee."

"Na wewe unayeyajua yote haya, Jumatatu utakuwa wapi?"

"Darasani. Kipindi cha kwanza."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Jenifer, fungasha!"

Dada Jenifer alifaulu. Sasa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea ualimu wa Fizikia, na ameomba kuja kwetu Julai kwa mazoezi ya kufundisha. Hatujui kama atapangiwa hapa, ila kiti tumeshakifuta vumbi.

Mwalimu Specioza, asante kwa kumfuata mmoja wetu hadi kwao. Tunakuombea afya, mvua za wakati kwenye mpunga wako, na wajukuu wenye maswali mengi kuliko yetu.