Wasifu wa Mzee Usawa, Aliyekata Sawa kwa Wote

Marehemu, ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee Usawa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mshona nguo. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike. Ndivyo alivyoagiza mwenyewe, na akaagiza asipambwe.

Tangu utotoni alipenda haki. Siku moja mama alimwachia mkate awagawie wadogo zake. Aliupima kwa rula, kila mmoja kipande sawasawa na cha mwenzake, hata kitinda mimba aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Mama aliporudi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, huyu hana hata meno." Kitinda mimba huyo ndiye anayewasomea.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, na mwaka 1972 akahitimu chuo kikuu katika uchumi, wa kwanza katika ukoo. Mwaka huohuo aliajiriwa Wizara ya Fedha, idara ya bajeti. Tarehe 4 Desemba 1976 alifunga ndoa na karani wa posta. Alipokata keki wageni walidai aletewe rula, naye akacheka kuliko wote.

Mwaka 1983 uchumi ulianguka. Viwanda vilifungwa, kodi ikawa haikusanyiki, na riba ya deni la serikali ikapanda. Wakubwa walivutana nani akatwe, kila mmoja akivutia kwake. Marehemu ndiye aliyewapatanisha: kila fungu lipunguzwe asilimia kumi na tano, barabara, shule, hospitali, hata chai ya waziri, na kodi ya sabuni na mafuta ya taa ipande kwa wote. Deni pekee halikuguswa. Alipandishwa cheo, na sisi ndugu tukamfanyia karamu. Tulikula, tukamsifu. Karamu ile inatutia haya mpaka leo.

Hospitali ya wilaya ilitimiza agizo kwa kufunga chumba cha upasuaji kila Jumapili. Mdogo wake huyu anayewasomea alishikwa na uchungu wa kuzaa Jumapili. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, wakaambiwa wasubiri kesho. Alizaliwa wa kike, amekwisha kufa.

Marehemu alifika na suti yake ya kazini, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia. Hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililomtesa. Mkatili hulala usingizi wake. Uchumi ulipotengemaa angeweza kusema chumba kifunguliwe. Alijua bajeti ya kila mwaka huanzia pale ya jana ilipoishia, kwamba kilichokatwa hakirudi mpaka mtu akidai. Hakudai, kwa sababu kudai kungekuwa kukiri.

Alistaafu mwaka 2008. Figo zilipoanza kumsumbua, wizara ilimwandikia apelekwe hospitali ya kulipia. Alikataa, akapanga foleni kwenye benchi la hospitali ileile ya wilaya. Mdogo wake alikuwa akimpelekea uji.

"Kile chumba," alimuuliza siku moja, "bado wanakifunga Jumapili?"

"Walishakifungua zamani, kaka. Wakunga walipiga kelele."

"Mimi sikupiga."

"Hukupiga."

Kisha marehemu akasema, "Mdogo wangu, nikifa, naomba nilazwe karibu na yule mtoto. Ukikataa nitaelewa."

Dada yake alikusanya vyombo, akaondoka bila kumjibu.

Alifariki Jumapili, tarehe 14 Machi 2021, katika chumba hichohicho cha upasuaji, taa zote zikiwaka na madaktari wakimhangaikia. Jibu alikuwa hajalipata.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Aliagiza atajwe pia mpwa wake wa kwanza, ambaye ukoo huu haujawahi kumtaja hadharani. Kaburi dogo mnaloliona upande wa kulia ni la mtoto huyo. Mama yake ndiye aliyewaonyesha wachimbaji mahali pa kuchimba.

Wapumzike kwa amani, wote wawili.