Reshma na Damu ya Mafundi wa Dhahabu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Reshma wa Loresho, mtaalamu wa maabara, aliyetutoka Jumanne kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupima damu.

Mwaka 2013, fundi Zedekiah wa Kinoo alianguka kazini, kwenye karakana ya kupaka vyuma dhahabu, hapa katikati ya jiji. Mwenye karakana, Mzee Viraj, akamfuta kazi. "Huyu ni mlevi," alisema. Zedekiah hakuwa akigusa pombe. Lakini hata kanisani watu walianza kumkwepa.

Na Mzee Viraj, wapendwa, alikuwa mjomba wake Reshma. Ndiye aliyemsomesha.

Zedekiah alimwendea Reshma wiki tatu baadaye. Reshma alijua maji ya kupakia dhahabu yana sianidi, sumu kali ambayo mvuke wake ukivutwa humwangusha mtu. Akampima. Hakuona kitu.

"Alirudi nyumbani amekasirika," anasema kaka yake Reshma, Bharat. "Akaniambia, mimi ndio nimechelewa, si Zedekiah amedanganya."

Sianidi yenyewe, wapendwa, hutoweka kwenye damu kwa saa chache. Lakini mwili huigeuza kuwa thiosianeti, na hiyo hukaa siku kadhaa. Ndiyo alama. Ilibidi apime walio bado kazini.

"Hao wanavuta sigara!" mjomba akafoka. "Sigara pia inaleta hiyo alama yako."

Ni kweli, huileta. Basi Reshma akampima Peres, fundi ambaye hajawahi kuvuta sigara. Alama ilikuwa juu.

Mjomba akacheka, akakunja shati. "Pima mimi basi. Sivuti, sinywi, sina kitu."

Alama yake ilikuwa juu kuliko ya Peres.

"Mjomba alikaa kwa kiti," Bharat anakumbuka. "Akauliza tu, 'Zedekiah anakaa wapi?'"

Jumapili hiyo Mzee Viraj alisimama mbele ya kanisa kule Kinoo, akaomba msamaha. Karakana ikafungwa miezi miwili, ikawekwa feni za kutoa hewa chafu. Zedekiah akarudi kazini. Tangu hapo Reshma aliwapima mafundi wote kila baada ya miezi mitatu, na mjomba wake alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mzee Viraj, Bharat, na jamaa wote: poleni sana. Nasi tunaosikiliza, tumkumbuke mtu tuliyemwita mlevi bila kumuuliza anaumwa wapi. Huenda bado yuko karibu. Twende tukamwulize.