Nyumba ya Kimya Kabisa

KAKA: Haloo? Ni nani?

KITINDA: Ni mimi.

KAKA: Mimi nani? Namba hii siijui.

KITINDA: Mimi, kaka! Kitinda wako. Simu yangu imezima, nimeazima ya mwenye nyumba huku. Habari za gereji?

KAKA: Gereji ipo tu. Za huko pwani? Nimekutafuta tangu asubuhi hupatikani, roho juu juu— ngoja. [kwa mbali] Wewe! Usishushe hiyo jeki, nakuja! [karibu] Haya. Nyumba umeziona?

KITINDA: Nimeziona zote tatu. Sikiliza, hili ni salio la watu—

KAKA: Mbona unanong'ona?

KITINDA: Sinong'oni. Mtandao tu.

KAKA: Sawa. Mwenye ile nyumba ya kwenye mwamba kanipigia. Kuna familia nyingine inaitaka, anasubiri jibu sasa hivi. Nimwambie ndiyo?

KITINDA: Usimwambie.

KAKA: Kwa nini? Picha nimeziona! Haina jirani, haina baa, haina hata kuku. Daktari alisemaje? Mzee apelekwe mahali palipotulia, hata kwa wiki mbili.

KITINDA: Pale pametulia mno. Ukikaa sebuleni unasikia friji inavyofikiri.

KAKA: Ndicho tunachokitaka!

KITINDA: Hukuona, kaka. Alikaa kidogo tu, akaanza kuzunguka. Chumba hadi chumba, anajaribu komeo za madirisha—

KAKA: Nani?

KITINDA: Nani? Dalali.

KAKA: Dalali anajaribu komeo?

KITINDA: Alikuwa ananionyesha kama ni imara.

KAKA: Mh. Na ile ya ghorofa?

KITINDA: Ngazi za chuma, nyembamba kama za kupandia darini. Goti la baba halifiki hata katikati.

KAKA: Basi ni ile ya mwamba. Unanichelewesha bure.

KITINDA: Kaka, punguza—

KAKA: Nipunguze nini? Wewe hulali naye nyumba moja. Ni mimi ninayemsikia akiburuta kandambili koridoni mpaka kunakucha. Anafungua mlango wa jikoni, anaufunga. Anaufungua tena. Juzi nimemkuta gesi inawaka, hakuna sufuria, amesimama tu anaitazama! Tangu mama atuondokee mzee hajapata hata lepe la usingizi, na mimi nimekuwa hivyo hivyo. Leo nimefunga gurudumu la mteja bila nati.

KITINDA: Kaka!

KAKA: Tumeliona kabla gari halijatoka. Lakini hapo ndipo nilipofika. Yaani nimejaribu kila kitu. Saa ya ukutani nimeitoa betri. Jirani nimemwangukia miguuni apunguze redio. Cherehani ya mama nimeitoa chumbani nikaipeleka stoo, mzee asiwe anaikodolea macho. Nyumba kimya kama nini. Bado!

KITINDA: Ndiyo hiyo nata— [mtandao unakwaruza] —kukuambia—

KAKA: Nini? Hebu sogea dirishani. Kuna mlio unaingia hapo. Trrrr, trrrr.

KITINDA: Nausikia.

KAKA: Mtandao gani huo!

KITINDA: Si mtandao. Ni cherehani.

KAKA: Cherehani?

KITINDA: Mwenye nyumba hii ya tatu ni fundi nguo. Anaishi upande wa pili wa ukuta, anashona sare za shule. Chumba ni kizuri, kaka. Vitanda viwili, choo ndani, dirisha linatazama bahari. Mchanga umejaa mlangoni, lakini unafagilika. Mimi naitaka hii.

KAKA: Umechanganyikiwa? Tunazikimbia kelele, wewe unataka mzee akalale ukutani kwa fundi?

KITINDA: Anashona mpaka usiku. Nimemuuliza.

KAKA: Umemuuliza na bado unaitaka! Mimi nakata, nampigia yule wa mwamba.

KITINDA: Usikate! Tafadhali. Na usipaze sauti.

KAKA: Nisipaze kwa nini? Uko na nani hapo?

KITINDA: [mlango unarudishwa polepole]

KAKA: Kitinda. Uko na nani?

KITINDA: Na baba.

KAKA: Baba yuko kwa shangazi tangu jana.

KITINDA: Nilimpitia alfajiri nikaja naye. Shangazi anajua.

KAKA: Umempandisha basi mzee asiyelala? Safari yote hiyo? Bila kunia—

KITINDA: Ningekuambia ungekataa. Tunamchagulia mahali pa kulala, nikaona bora achague mwenyewe.

KAKA: Kwa hiyo yule dalali wa komeo—

KITINDA: Alikuwa yeye. Kwenye kile kimya chako. Alifika chumba cha mwisho akaniuliza, "Wameenda wapi wote?" Nikamshika mkono tukatoka, kaka.

KAKA: Mpe simu.

KITINDA: Siwezi.

KAKA: Mpe simu niongee naye!

KITINDA: Amelala.

KAKA: Amelala vipi?

KITINDA: Usingizi, kaka. Usingizi wa watu. Tuliingia kuangalia chumba, akaketi ukingoni mwa kitanda akung'ute mchanga kwenye kiatu. Fundi akaanza kushona kule upande wa pili. Baba akainua kichwa, akasikiliza. Halafu akajilaza hivyo hivyo, kiatu kimoja mguuni. Mpaka sasa hajageuka.

KAKA: Unanidanganya ili nikubali.

KITINDA: Ngoja nikusogezee simu.

[mtu anakoroma, nyuma yake, trrrr, trrrr]

KAKA: Huyo ni yeye.

KITINDA: Ni yeye.

KAKA: Ndivyo alivyokuwa akikoroma zamani. Tulikuwa tunamcheka.

KITINDA: Mama alikuwa akishonea wapi, kaka?

KAKA: Pale pale chumbani. Miguuni pa kitanda.

KITINDA: Kila usiku.

KAKA: Na mimi nikaipeleka sto— [mtandao unakwaruza]

KITINDA: Haloo? Hukujua. Hata mimi sikujua, nimejua leo.

KAKA: Mbona imenyamaza?

KITINDA: Nini?

KAKA: Cherehani! Mbona siisikii?

KITINDA: Nadhani anabadilisha uzi.

KAKA: Mwambie asiache! Gonga ukuta! Ashone chochote, ashone hata matambara—

KITINDA: Shhh! Baba anajigeuza.

KAKA: Ameamka? Kitinda, ameamka?

KITINDA: Ngoja. Anasema kitu.

KAKA: Anasemaje?

[trrrr, trrrr inaanza tena]

KITINDA: [kwa shida] Macho ameyafumba. Amesema, "Maliza tu, mke wangu. Taa hainisumbui."

KAKA: [spana inaanguka sakafuni]

KITINDA: Kaka? Upo?

KAKA: Nipo.

KITINDA: Unalia?

KAKA: Vumbi la breki. [anapenga kamasi] Mwambie fundi tunaichukua. Wiki mbili zote. Yule wa mwamba awape hao wengine kimya chake.

KITINDA: Nitamwambia. Simu inalia, salio linaisha—

KAKA: Subiri. Baada ya wiki mbili?

KITINDA: Sijui. Nilikuwa najiuliza hilo hilo.

KAKA: Ile ya mama iko stoo, nyuma ya matairi. Naenda kuitoa sasa hivi. Naitia mafuta, nairudisha pale pale.

KITINDA: Na nani atashona? Mimi hata kifungo kinanishinda.

KAKA: Mimi.

KITINDA: Wewe? Umewahi kushika sindano?

KAKA: Sijawahi. Wewe nenda kamuulize huyo fundi, haraka kabla haijakatika. Muulize uzi unapitia wa—

[simu inakatika]